Pad thai ya tomato sosi

Shilingi 22,000 si hela ya kuchezea. Ijumaa iliyopita niliitoa kwa sahani moja ya pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga za Kithai, kwenye mgahawa mmoja wa Masaki wenye taa za karatasi nyekundu na menyu inayoanza na sushi ikaishia kwenye biriani. Hiyo biriani ilitosha kunishtua, ila njaa haina macho.

Sahani ikaja nyekundu. Nikaonja: tomato sosi, utamu uleule wa chipsi mayai. Tambi za mchele zimeshikana bonge. Ukiinua uma zinapanda zote, sahani inabaki tupu.

Bonge nalielewa. Tambi zile huloweshwa kwenye maji ya kawaida mpaka zilegee, kisha karai lenye moto mkali ndilo linamalizia. Ukizichemsha kama tambi za futari, halafu ukarundika za watu wanne kwenye karai moja, moto unazidiwa na tambi zinaivia kwenye mvuke. Ijumaa usiku, wateja wamejaa, jikoni moto. Nasamehe.

Tomato sosi sisamehi. Uchachu wa pad thai ni ukwaju. Ukwaju, sosi ya samaki, sukari ya mnazi: mchuzi umekwisha. Chakula chenyewe kilivuma Thailand enzi za waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram, yuleyule ambaye chini yake, mwaka 1939, nchi iliacha kuitwa Siam. Sasa mpishi wa London akikosa ukwaju, nitamwonea huruma. Wa Dar je? Ukwaju unashuka kwa magunia kutoka Dodoma. Muuza bajia wa mtaani kwangu anaugeuza chatne kila jioni. Uduvi mkavu, ambao Wathai nao hutia, uko sokoni. Karanga zipo, ndimu zipo, choroko za kuotesha zipo. Pengine kinachohitaji kuvuka bahari ni ile sosi ya samaki tu!

Nikamwita mhudumu.

"Mdogo wangu, hii ina ukwaju?"

"Ngoja nikaulize jikoni, dada."

Akarudi anatabasamu kwa aibu. "Mpishi anasema ukwaju ni wa juisi."

Basi nikaagiza juisi. Ikaja nzito, baridi, sukari ya kiasi. Nilipoona hakuna anayenitazama, nikamwagia vijiko vitatu kwenye tambi.