Mbona kunoa mnakuruka?

Jamani wenzangu mnaojifunza useremala wa mikono kwa video, hivi na nyie mnapata hasira kama mimi? Fundi anaanza tu patasi yake tayari inanyoa nywele za mkono! Kainoa saa ngapi? Kwa jiwe gani? Makali kwa pembe ya digrii 25 au 30? Hamna, muziki unapigwa, kamera inaruka, ghafla kiungo cha mbao kimeingia kama kimezaliwa hapo!! Halafu mbao zenyewe ni paini, laini kama mkate, mimi nina mninga hapa, nyuzi zake zinapishana, leo randa inateleza vizuri kesho inang'oa vipande, nani atanieleza kwamba natakiwa niirande kidogo kidogo na lile bati la juu ya kisu cha randa nilisogeze mpaka karibu kabisa na makali? Nimekuja kuligundua baada ya miezi, na mbao imeshaharibika na mbao ni hela! Dakika 20 za video, 12 anaonyesha karakana yake. Ndugu fundi, tuonyeshe kunoa, hata kama inachosha, tutakaa tutaangalia yote.