Kikomo cha chaji kifanye kazi hata kompyuta ikilala

Wengi tunaofanyia kazi nyumbani hapa Dar tuna mazoea yaleyale. Usiku ukiwa mwingi unafunga mfuniko wa kompyuta mpakato, chaja unaiacha ukutani, asubuhi unaikuta asilimia 100. Simlaumu mtu: umeme ukikatika saa nne asubuhi na kazi ya mteja haijaisha, betri iliyojaa ndiyo mkombozi.

Ila saa hizo za usiku zinaimaliza betri. Seli ya lithiamu ikijaa kabisa hufika karibu volti 4.2, na ikikaa hapo muda mrefu huchakaa haraka, uwezo wake wa kutunza chaji unapungua. Joto linazidisha, na joto letu tunalijua. Mwezi wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi kule Mbagala hakipoi hata alfajiri, na kompyuta yenyewe mara nyingi imelazwa juu ya godoro. Matokeo yake yako kwenye meza za mafundi Kariakoo: betri imevimba mpaka imeinua kibodi, mfuniko haufungi sawasawa. Fundi anaibandua polepole kwa kipande cha plastiki, maana akiitoboa inaweza kuwaka moto.

Ndiyo maana kuna kikomo cha chaji, unaiamuru kompyuta iishie asilimia 80. Ninachodai kwa watengenezaji ni kwamba kikomo hicho kisitegemee kompyuta kuwa macho. Kwenye ThinkPad nyingi (zile za Lenovo), na kwenye Dell na HP nyingi za kiofisi (hizi ndizo zimejaa kwenye maduka ya mtumba), kinasimamiwa na chipu ndogo ndani ya mashine, Windows iwe imewaka au imelala. Kwingine kazi hiyo imeachiwa programu ya kawaida. Mfumo ukilala, programu nayo imelala, chaji inaendelea kuingia mpaka 100. Kikomo cha namna hiyo mimi sikihesabu kuwa kikomo, kwa sababu kinaondoka saa ileile kinapohitajika.

Kuijua yako ni rahisi. Weka kikomo 80, ilaze ikiwa na 70 hivi, iache kwenye chaja usiku kucha, na asubuhi jambo la kwanza utazame asilimia. Ikiwa imevuka, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, utafute mpangilio wa betri. Ukiukosa, chomoa chaja kabla ya kulala. Kuizima si dawa, maana betri huendelea kujaa hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Na unapokwenda kununua, usiishie kuuliza RAM na diski. Muulize muuzaji kama ina kikomo cha chaji, na akuoneshe kinapowekwa.

Siku ya mgao, au una safari ya basi kwenda Mbeya, kiondoe kikomo ujaze mpaka 100 asubuhi hiyo. Saa chache za kujaa haziui betri. Ukifika, kirudishe.