Mtoto Aanze na Katuni, Filamu Itamsubiri

Watoto wengi siku hizi humjua Spider-Man kwenye skrini kwanza, na wakishika kitabu chake cha katuni, yaani hadithi ya picha zilizochorwa, hukiona kama makombo ya filamu. Huko ni kuanzia mkiani. Spider-Man alizaliwa kwenye karatasi, Agosti 1962, katika hadithi ya kurasa 11 tu. Humo kijana anaumwa na buibui, anapata nguvu, anavimba kichwa, anamwachia mwizi apite, kisha mjomba wake anauawa. Kurasa 11 zinatosha kwa sababu msomaji naye anafanya kazi: kwenye kisanduku hiki cha picha ngumi imeinuliwa, kinachofuata adui yuko chini, na pigo lenyewe mtoto analitunga kichwani. Filamu humtafunia kila kitu.

Ila kitabu gani? Hapa ndipo wazazi hukwama. Toleo moja huwa na kurasa kama 20 za hadithi, na mara nyingi huishia njia panda. Tafuta juzuu lililokusanya matoleo matano au sita yenye kisa kilichokamilika. Usihadaike na "namba 1" kwenye jalada. Wachapishaji huanza kuhesabu upya mara kwa mara, na ndani unaweza kukuta ugomvi ulioanza miaka mingi nyuma. Matoleo ya miaka ya 1960 nayo yamejaa maneno, mtoto wa miaka saba atachoka kabla ya ukurasa wa tatu.

Kaa naye kwa kurasa chache za mwanzo, kidole kikiongoza. Kinachowachanganya zaidi ni picha inayovuka kurasa mbili: mtoto humaliza ukurasa wa kushoto hadi chini, kumbe mstari wa juu ulikuwa unaendelea kulia. Kwenye kisanduku, kiputo cha maneno kilicho juu kushoto husomwa kwanza. Chenye umbo la wingu ni mawazo, chenye ncha kali ni kelele. Basi, mengine atajifunza mwenyewe.

Filamu zije baadaye, na vazi la rangi lisikudanganye. Deadpool ya 2016 na Logan ya 2017 zilipewa daraja la R Marekani, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Hata PG-13 ni onyo kwa mzazi, kwamba baadhi ya mambo huenda yasimfae aliye chini ya miaka 13: The Dark Knight ya 2008 iko daraja hilo, na mhalifu wake, Joker, anaweza kumkosesha usingizi mtoto wa miaka minane. Anza na Superman ya 1978, au Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, ambayo kwa raha yake inachezea vitone vya wino na visanduku vya kitabu. Wala usimburute kupitia mfululizo wote wa filamu za Marvel ulioanza na Iron Man mwaka 2008 eti aelewe.

Akishaona filamu, kunja karatasi mara mbili, upate visanduku vinne, kisha mwambie achore tukio moja alilolipenda. Atalalamika kwamba nafasi haitoshi. Usimwongezee.