Mgeni Akishika Kibodi

Duka langu la stationari liko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kompyuta ya kazi inatumia Linux, lakini programu ya stoo na invoisi niliyoinunua zamani haikubali kitu kingine zaidi ya Windows. Basi nimeweka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na Windows inaishi humo kama mgeni kwenye nyumba ya Linux. Wataalamu huiita mashine pepe. Dukani tunasema tu "kule ndani" na "huku nje".

Kijana aliyekuja kunisaidia alijua kuingia kule ndani siku ya kwanza. Kutoka hakujua. Alibofya dirisha la Windows, mshale ukanaswa humo, akasukuma mausi mpaka ikafika ukingoni mwa meza. Mwisho akabana kitufe cha kuwashia hadi kompyuta nzima ikazimika, invoisi ikiwa nusu. Mama mmoja wa dagaa, aliyekuja kuchukua vitabu vyake vya risiti, akauliza, "Mwanangu, imekufa?" Haikuwa imekufa. Ilitaka aguse Ctrl ya kulia mara moja tu.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwonyesha ikoni ya kubofya kabla ya kitufe cha kutokea. Siku hizi kwangu mtu haonyeshwi Windows mpaka ameingia na kutoka mara kumi.

Wapo watakaoniambia niweke zile programu za nyongeza ndani ya mgeni, mausi ipite bila kunaswa. Nimeziweka, na zinasaidia. Lakini hapo ndipo mtu anaposahau kwamba kuna ukuta. Mausi inapita, kibodi haipiti. Ukibonyeza Alt na Tab, madirisha yanayobadilika ni ya yule aliyeshika kibodi wakati huo. Nami yamenikuta: niligusa Ctrl nikatoka, nikasahau kwamba nimetoka, nikabonyeza Alt na F4 nifunge faili moja tu kule ndani. Likaja swali la kufunga mashine yote. Kuna machaguo matatu: kuhifadhi ilipofikia, kuipelekea ishara ya kuzima, au kuikatia umeme. VirtualBox hukumbuka ulichochagua mara ya mwisho, na mimi mara ya mwisho nilikata umeme. Nikapiga Enter bila kusoma. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kila mtengenezaji wa programu za mashine pepe ana mlango wake. VMware unatoka kwa Ctrl na Alt. Hyper-V ni Ctrl, Alt na mshale wa kushoto. QEMU ni Ctrl, Alt na G. Hata kumpelekea mgeni Ctrl+Alt+Del kuna lugha tatu: VirtualBox ni kitufe cha mwenyeji (ile Ctrl ya kulia) na Del, VMware unaweka Insert mahali pa Del, Hyper-V unaweka End. Kwangu VirtualBox ndiyo imepatia, maana kitufe kimoja kinashikika kichwani, na ukikiongezea F skrini inajaa au inarudi.

Ila hicho kitufe kimoja nacho hakipo kila mahali. Laptopu kadhaa za mtumba tunazouziwa hazina Ctrl ya kulia, na tangu 2024 baadhi ya mpya zimewekewa kitufe cha Copilot mahali pake. Usiteseke. Fungua File, kisha Preferences, kisha Input, uchague kitufe kingine cha mwenyeji. Mimi nimechagua Alt ya kulia, kwa sababu kuandika Kiswahili hakuihitaji hata siku moja.

Nimebadilisha na mandhari pia. Kule ndani nimeweka picha ya Liemba ikiwa gatini, huku nje ni bluu tupu. Skrini ikijaa, ukiona meli ujue uko kwa mgeni. (Kijana alitaka kuweka timu yake ya mpira. Nimekataa, wateja wangu ni wa pande zote mbili.)

Juzi mama wa dagaa amerudi kuchapisha vitabu vingine. Kijana akaandika invoisi, akatoka nje, akatuma kwenye printa, akarudi ndani, mausi hakuigusa. Mama akainama juu ya kaunta kuangalia ile Alt niliyoipaka rangi nyekundu ya kucha.

"Na hiki cha nini?"

"Cha kutokea, mama."