Vikao vinne au miaka miwili: kijana azungumze kwa muda gani?

Chumba cha ushauri nasaha katika shule niliyokuwa nikifundisha kilikuwa stoo ya vifaa vya jiografia. Ramani ya Afrika yenye Zaire ilibaki ukutani kwa sababu nyuma yake rangi ilikuwa imebanduka. Viti viwili vya plastiki, kimoja kimepasuka mgongo, na dirisha linaloelekea jikoni, kwa hiyo kufika saa tano mazungumzo yote yalinukia githeri. Msichana wa kidato cha tatu alikuja humo Jumanne sita mfululizo. Jumanne ya kwanza tukazungumza hesabu. Ya pili, hesabu. Ya tatu hakutamka neno, akawa anavuta uzi wa sweta hadi mkono ukatoboka. Ya nne, hesabu tena. Ya tano ndipo akasema mama yake yuko Saudia mwaka wa nne sasa, na tangu likizo ya Agosti simu haishikwi. Ya sita alilia muda wote. Ijumaa yake shule ikafungwa.

Nimemkumbuka kwa sababu swali linalowagawa watu wa fani hii ni lile lile lililokuwa limekaa nasi mle ndani: kijana mwenye sonona, hofu au mazoea ya kujiumiza, azungumze na mtaalamu kwa muda gani? Wako wanaosema vikao vichache vilivyopangwa vizuri vinatosha. Wako wanaosema mwaka, miwili, hata zaidi, maana kijana hafungui moyo kwa ratiba. Katika programu ya vikao vinne mama wa yule msichana asingetajwa kamwe. Lakini nisijipe sifa: matron wa bweni aliniambia kwamba tangu wiki ya pili, ile ya hesabu tupu, mtoto alikuwa ameanza kulala usiku. Kila upande ungeweza kumleta yeye yule kama shahidi wake.

Nianze na wa vikao vichache, kwa kuwa hapa Kenya ndio wenye ushahidi wa nyumbani. Taasisi ya Shamiri, ambayo Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake, ilichukua neno la Kiswahili lenye maana ya kustawi na kuligeuza programu ya saa moja kwa wiki, wiki nne, katika vikundi vya wanafunzi wa sekondari. Wanaoviongoza vikundi si wanasaikolojia. Ni vijana wa miaka 18 hadi 22 waliomaliza sekondari juzi juzi, wakapewa mafunzo mafupi. Wanazungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika, shukrani, na yale ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Neno ugonjwa halitajwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Wengine walipewa programu hiyo, wengine wakafundishwa mbinu za kujisomea kwa muda ule ule. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa kundi la Shamiri, na tofauti ilionekana hata miezi saba baadaye.

Ukiujua utamaduni wa shule zetu utaelewa sababu mojawapo. Mwanafunzi anayeitwa ofisi ya ushauri katikati ya somo huchekwa hadi mwisho wa muhula. Kikundi cha watu kumi na tano wanaoongea kuhusu malengo yao hakimwaibishi mtu.

Kisha kuna hesabu, na hesabu hii haina huruma. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 44 ya Wakenya wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Mchukue mtaalamu mmoja anayeona watu 25 kwa wiki. Akikaa na kila mmoja mwaka mzima, amehudumia watu 25. Akimpa kila mmoja vikao vinne, katika wiki 48 za kazi amehudumia 300. Anayetetea tiba ndefu bila kuwataja wale 275 waliobaki nje ya mlango anatetea kitu kizuri kwa watu wachache, na kwa kawaida ni wachache wenye bima.

Ila uchunguzi ule ule una nambari ya pili ambayo hainukuliwi sana. Waliotimiza vigezo vya ugonjwa kamili wa akili walikuwa takriban asilimia 12. Kati ya 44 na 12 kuna watu wa aina mbili. Wengi wana mawazo, kama tunavyosema, kwa wingi wa neno hilo: karo, mapenzi, baba mlevi, mtihani. Wachache wana kitu kilichoshika mizizi. Sioni kwa nini dawa ya kundi moja itumike kupima haja ya kundi la pili.

Kuhusu hao wachache, utafiti unaotajwa kila mara ni wa Uingereza. Vijana 465 wa miaka 11 hadi 17 wenye sonona halisi, wagonjwa wa kliniki za umma, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipata tiba inayorekebisha fikra na mwenendo, hadi vikao 20. La pili lilipata tiba inayochimba mahusiano na hisia zilizofichika, hadi vikao 28 katika wiki 30. La tatu lilipata ushauri mfupi wa kawaida: maelezo kuhusu sonona, usingizi, ratiba ya siku, kuwahusisha wazazi, hadi vikao 12. Matokeo yalitoka mwaka 2017, baada ya wagonjwa kufuatiliwa kwa wiki 86. Hakuna kundi lililoshinda. Gharama nazo hazikutofautiana vya kutosha.

Watetezi wa tiba fupi walishangilia: kama 12 ni sawa na 28, ya nini 28? Lakini soma idadi ya vikao vilivyohudhuriwa kweli. Katika kundi la 28, kijana wa kati alikwenda 11. La 20, alikwenda 9. La 12, alikwenda 6. Kwa hiyo makundi yaliyotofautiana sana kwenye karatasi hayakuachana mbali hivyo kwenye kiti. Vijana wenyewe waliamua muda, wataalamu wakabaki na ratiba zao. Na wiki 30 si tiba ndefu kwa anayejua tiba ndefu ni nini. Utafiti huo haukuijaribu kabisa, ingawa hutajwa kana kwamba uliizika.

Kilichonivutia zaidi ni kazi iliyofuata, ya kuwahoji walioacha tiba njiani. Watafiti waliwaona wa namna tatu. Kuna walioacha kwa kutoridhika. Kuna walioacha kwa sababu walishapata walichokitaka, na hawakuona haja ya kurudi. Na kuna walioacha kwa sababu maisha yao yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba hawakuweza kufika. Katika daftari la mahudhurio wote watatu huandikwa neno moja: ameacha. Nimeshika daftari kama hilo kwa miaka tisa, na ninakiri niliwaona wote kuwa wa namna ya kwanza.

Sasa wa muda mrefu. Ushahidi wao si mwingi, lakini haupuuziki. Mwaka 2012 Trudie Rossouw na Peter Fonagy walichapisha utafiti wa vijana 80 waliokuwa wakijidhuru. Nusu walipata tiba ya mwaka mzima, kila wiki, pamoja na kikao cha familia kila mwezi, iliyolenga kumwezesha kijana kutambua yanayopita akilini mwake na mwa wenzake kabla hajatenda. Mwaka ulipokwisha, asilimia 56 ya waliopata tiba hiyo walikuwa bado wanajidhuru, dhidi ya asilimia 83 ya waliopata huduma ya kawaida. Ni tofauti kubwa. Na bado, zaidi ya nusu baada ya mwaka mzima! Halafu Denmark wakajaribu tiba ya asili hiyo hiyo, mwaka mzima pia, ila kwa vikundi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yakaonyesha haikuzidi huduma ya kawaida. Urefu peke yake, basi, haukuwa dawa. Kuna kitu katika kuwa na mtu mmoja anayekujua, na kitu katika familia kuwemo ndani.

Hapo ndipo nasikia pingamizi la kiutamaduni, ambalo wasomi hulikwepa na wazazi hulisema waziwazi: tangu lini mtoto wa Kiafrika akakaa mwaka mzima akimweleza mgeni mambo ya nyumbani? Wazazi hawa hawakosei kuhusu mgeni. Wanakosea kuhusu mwaka. Mwambao wetu una somo, mwanamke asiye mama mzazi, anayekabidhiwa msichana anapovunja ungo na kubaki naye hadi ndoa na baadaye. Ni mtu mzima mmoja, nje ya wazazi, mwenye siri zako, kwa miaka. Uhusiano mrefu ni wetu kabisa. Kilicho kigeni ni kuulipia kwa saa. Tofauti nyingine ni kwamba somo hukuambia la kufanya, na kijana wa leo mara nyingi anatafuta mtu asiyemwambia. Sijashawishika kwamba daima yuko sahihi katika hilo.

Lawama ya utegemezi nayo ina mashiko kuliko watetezi wanavyokiri. Nimewaona vijana wa chuo ambao hawaamui hata kuachana na mpenzi bila kusubiri Alhamisi ya mshauri. Na anayelipa hutaka risiti ya maneno pia: mzazi anamsubiri mwanawe kwenye gari, na kabla mkanda haujafungwa, "Haya, leo mmeongea nini?" Tiba ya miezi minane chini ya swali hilo kila wiki ni mateso ya polepole. Wako waliokuwa na hofu kubwa zaidi. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Kijana aliyemwambia mshauri alichojaribu mwezi uliopita alikuwa, kisheria, anakiri kosa. Nani angelisema hilo kwenye kikao cha pili?

Wengine hudhani fedha zikipatikana mambo yamekwisha. Ujerumani bima ya afya ya umma inaweza kumlipia kijana tiba ya kina hadi saa 180, maombi yakiidhinishwa. Hata huko watu husubiri nafasi kwa miezi. Kwetu kikwazo kipo kabla ya fedha, nacho ni kalenda. Mwanafunzi wa bweni yuko shuleni wiki kumi na kitu, yuko nyumbani kwingine kabisa mwezi mmoja, kisha anarudi. Mtaalamu wa mjini anampata likizoni tu. Mwalimu mshauri anampata muhulani tu. Hawa wawili hawajuani, na kijana huanza hadithi upya mara tatu kwa mwaka. Akifika 18 anamaliza kidato cha nne na kumwacha mwalimu nyuma. Chuoni anaanza na mtu wa nne. Tunabishana kuhusu tiba ya miaka miwili katika mfumo unaompa kijana vipande vya wiki sita sita.

Msimamo wangu si wa katikati. Kila shule ianze na kitu kifupi, cha vikundi, kinachoongozwa na vijana waliofunzwa, kwa sababu wengi hawatahitaji zaidi ya hapo na wale 300 wana haki sawa na wale 25. Lakini nakataa matumizi mawili ya programu hizo ninayoyaona yakikua. La kwanza ni kuzihesabu kama huduma kamili, ili wizara yoyote iseme vijana milioni kadhaa "wamefikiwa". La pili ni kuzimaliza bila kuuliza nani hakupata nafuu. Kikao cha nne kiwe mahali pa kupepeta. Anayebaki na dalili, anayejidhuru, aliyenyamaza vikao vyote vinne, huyo apewe mtu mmoja na muda usiotajwa mwisho wake. Mtu huyo si lazima awe na shahada mbili. Awe tu hahamishwi, na awe na msimamizi mwenye leseni chini ya ile sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014.

Hilo la kutohamishwa nalisema kwa ubinafsi. Muhula uliofuata yule msichana alirudi shuleni. Najua kwa sababu mwalimu aliyechukua nafasi yangu alinipigia kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, na kati ya mambo mengine akasema kuna mwanafunzi aliyekuja Jumanne, akachungulia, akamwona yeye, akasema amekosea mlango. Nilimwambia amwite, asimwulize lolote, amwonyeshe hesabu.