Mama alipimwa sukari miaka tisa, mkojo haukupimwa

Mama hakukosa kliniki ya kisukari hata mwezi mmoja. Alitobolewa kidole, akapimwa presha, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Miguu ilipovimba ndipo mtu alipokumbuka kupima mkojo wake, na protini ilikuwa nyingi mno. Leo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Huwa tunasema sukari inakula figo. Nilipoanza kusoma, niligundua kwamba mwanzoni kuna kitu kinachoota. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu. Sukari ikikaa juu muda mrefu, seli za kichujio huweza kumwaga kwa wingi protini iitwayo VEGF, ile inayoamuru mishipa ichipue. Vimishipa vipya hujitokeza, hasa pale damu inapoingilia na kutokea, lakini ni vichanga na kuta zake huvuja. Huaminika kuwa ni sehemu ya sababu albumini, protini ambayo ingebaki kwenye damu, hupenya hadi kwenye mkojo. Makovu huja baadaye; madaktari Kimmelstiel na Wilson waliyaeleza mwaka 1936.

Jicho la mwenye kisukari nalo huota mishipa ya namna hiyo, na daktari wa macho huchoma humo sindano ya kuzuia VEGF. Basi nikauliza, kwa nini figo nazo zisipewe? Nikajibiwa kwamba kichujio kinahitaji VEGF kiasi ili kiishi. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa hizo kwa dripu, baadhi yao hupanda presha na kuanza kukojoa protini. Jibu hilo lilinikaa sana.

Ndiyo maana nakasirika kuona tunasubiri uvimbe. Kipimo cha albumini kwa kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) kinahitaji mkojo kidogo tu, na huona uvujaji ambao kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo hukosa. Mwenye kisukari cha aina ya pili anastahili kupimwa siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Albumini ikifika miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini, na ikarudia hivyo, zipo dawa za kushusha presha ndani ya kichujio, na zile za kundi la gliflozini (dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo), ambazo hupunguza kasi ya ugonjwa. Mama hakupata nafasi hiyo.

Mdogo wangu amegunduliwa mwaka huu. Siku ya kliniki nilikwenda naye, nikaomba kikopo cha mkojo mimi mwenyewe.