Gazeti Chini ya Sahani za Mama Mkwe

Novemba ikishaanza kukatika, nyumba za Uchagani zote zinapandishwa cheo. Watoto wa mjini wanarudi kula Krismasi, kwa hiyo ukuta upakwe rangi, choo kipate mlango unaofunga, na mkwe anayeishi Moshi mjini aitwe aje kuhamisha makabati. Mkwe huyo ni mimi. Mashemeji zangu wa Dar mchango wao ni kutuma hela ya rangi kwa simu, halafu wanapiga video kunisimamia. "Shemeji, hapo kwenye kona umeruka." Kona yenyewe ameiona akiwa Kimara!

Basi kwenye kabati la vyombo la mama mkwe, huku Rombo, chini ya sahani za maua ambazo hazijawahi kuliwa wali tangu zinunuliwe, nikakuta gazeti la Novemba 1983. Jina la gazeti limeliwa na mende. Siku nayo wameimaliza, wakabakiza mwezi na mwaka. Bei hawakuigusa, na mimi nawaelewa, maana bei hazijawahi kumshibisha mtu.

Nikakalia ndoo ya rangi nikaanza kusoma vichwa vya habari tu, kama wale jamaa wa stendi wanaosimama mbele ya meza ya muuza magazeti mpaka jua linawakuta hapo, hawanunui hata moja, halafu wanaondoka wakigombana juu ya habari ambayo hakuna aliyeifungua.

Habari kubwa ilikuwa mpaka wa Tanzania na Kenya. Marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, wamekutana Arusha, wamekubaliana kuhusu mali na madeni ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, na sasa mpaka uliofungwa tangu mwaka huo unafunguliwa. Picha ipo, ila mende wamekula vichwa vyote vitatu. Mwalimu nilimtambua kwa ile suti yake isiyojua tai.

Nikamsomea mama mkwe kwa sauti, nikijua nitamfurahisha. Mama yule ni mzee wa kanisa, akipita njiani hata wanywa mbege wanaficha kata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha chai chini.

"Mpaka upi huo uliokuwa umefungwa, baba?"

"Huu hapa, mama. Namanga, Holili, hapo Tarakea. Kote."

"Aaah. Wa barabarani." Akachukua kikombe chake. "Kwenye migomba hakuna aliyefunga kitu."

Nikaduwaa. Miaka yote hii nimekuwa nikiinamisha kichwa kumsalimia mama wa watu, kumbe namwamkia mfanyabiashara wa kimataifa! Kahawa ilikuwa inashuka usiku kwenda upande wa Loitokitok, huko Kenya, ambako inalipwa hela inayoeleweka, na alfajiri inarudi sabuni ya mche, mafuta ya Kimbo na sukari. Wenyewe walikuwa hawaiti magendo. Walikuwa wanaita kwenda kumsalimia shangazi. Na kweli shangazi alikuwepo, maana ukoo uliishi huku na huku kabla Mzungu hajachora mstari wake. Shangazi alisalimiwa miaka ile kuliko shangazi yeyote Afrika Mashariki.

Msiwacheke. Dukani palikuwa na rafu na muuza duka, basi. Sukari kwa kibali, kanga kwa kupanga foleni, nguo watu wanafua kwa majani ya mpapai. Unga uliokuwepo ni ule wa mahindi ya njano, wakauita Yanga. Baba mkwe, marehemu, alikuwa Simba wa damu. Mama anasema alikuwa anakula ule ugali amegeukia ukutani.

Halafu Februari ya mwaka huohuo wa 1983 Sokoine akarudi kwenye uwaziri mkuu, na ilipofika Machi msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Waliokuwa wameficha bidhaa uvunguni walipata homa. Kuna mzee mmoja huku, kwa maelezo ya mama mkwe, aliamka usiku akamwaga katoni zake zote za sabuni kwenye mfereji. Asubuhi mfereji ukashuka na povu kuanzia juu mpaka bondeni, akina mama wakatoa kila nguo waliyo nayo, kijiji kizima kikafua bure. Hakuna aliyeuliza povu limetoka wapi. Uzalendo una mipaka yake.

Kichwa kingine: Nguvu Kazi. Sheria mpya, mtu akikutwa mjini hana kazi inayoeleweka, anapakiwa kwenye gari apelekwe kijijini akalime. Nilikisoma hiki kwa sauti zaidi, mara mbili, nikimwangalia mpwa wa mke wangu aliyelala kwenye kochi na simu kifuani. Yuko kazini, anasema. Anatengeneza maudhui. Nikamuuliza, likija gari la Nguvu Kazi utawaambia nini? Akasema angewarekodi.

Ukurasa wa michezo mende wameumaliza wote, na nawashukuru, maana mwaka huo Kombe la Chalenji lilichukuliwa na Kenya kwa mara ya tatu mfululizo.

Kilichoniuma ni ile habari kubwa. Mpaka umefunguliwa, sawa, na leo Jumuiya mpya ina makao makuu yake Arusha na jengo la kupendeza. Juzi mimi, raia mwema, nikabeba magunia ya vitunguu nivushe kihalali. Kuna fomu iliyorahisishwa kwa sisi wenye mzigo mdogo usiozidi dola 2,000, nikaishangilia. Nikafika kituo kimoja cha mpakani asubuhi. Cheti cha afya ya mimea unacho? Ninacho. Cha uasili wa bidhaa? Hiki hapa. Namba ya malipo? Mfumo unasumbua, mzee, subiri pale kwenye benchi.

Nikasubiri. Mfumo ukaamka, karani akaenda kula. Karani akarudi, umeme ukaondoka. Vitunguu vikaanza kuchipua kwenye gunia, nikaona majani mabichi yananichungulia, nikajua hapo ninahitaji cheti kingine, maana sasa ni miche. Jua likazama mimi na benchi.

Yote hayo nilimsimulia mama mkwe siku ile ya gazeti, kwa uchungu, nikitegemea pole. Mama mkwe alinitazama muda mrefu, na macho yake yakawa na huruma ya kweli kabisa.

"Sasa baba," akasema, "nani alikutuma upite barabarani?"